Barabara Isiyoua: Kijitabu kwa Wakazi wa Arusha na Miteremko ya Meru

Tunaanzia Rhotia

Asubuhi ya Jumamosi, Mei 6, 2017, basi dogo la Shule ya Msingi Lucky Vincent liliondoka jijini Arusha kuelekea Karatu. Ndani walikuwemo watoto wa darasa la saba waliokwenda kufanya mtihani wa ujirani mwema na wenzao wa shule nyingine. Kwenye mteremko wa Rhotia basi liliacha njia, likatumbukia katika korongo la mto Mlera. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki. Siku mbili baadaye majeneza yalipangwa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na waliokuwepo hawajaisahau siku ile.

Jumamosi nyingine, Februari 24, 2024, pale Kibaoni, Ngaramtoni, lori lilifeli breki likagonga magari matatu. Watu 25 walipoteza maisha. Ukirudi nyuma zaidi, Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, mwana wa Monduli, alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro. Barabara haikumbagua mkubwa wala mdogo.

Baada ya kila msiba wa namna hii husikika kauli mbili. Ya kwanza ni kwamba hiyo ni kazi ya Mungu. Ya pili ni kwamba huo ni uzembe wa dereva. Ya kwanza ni faraja ya wafiwa na tunaiheshimu. Ya pili mara nyingi ina ukweli ndani yake. Lakini zote mbili hufunga mjadala mapema mno. Dereva akishatajwa, hakuna anayeuliza kwa nini kosa la sekunde mbili la mtu mmoja liliruhusiwa kuua watu 35. Kijitabu hiki kinauliza swali hilo, kisha kinakuonyesha wewe mkazi unachoweza kudai.

Mwili wa mtu na mwendo wa gari

Kila mtu hukosea. Dereva mzuri husinzia, mtoto hukimbilia mpira, mama aliyebeba mkungu wa ndizi haoni upande wa pili. Mwaka 1997 Bunge la Sweden lilikubali jambo hili likalifanya msingi wa sera: kwa kuwa watu hawataacha kukosea, barabara ijengwe ili kosa lisizae kifo. Nchi nyingi zimeufuata mtazamo huo, na Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kupunguza vifo na majeruhi wa barabarani kwa nusu katika muongo wa 2021 hadi 2030. Tanzania nayo ina Sera ya Taifa ya Usalama Barabarani tangu mwaka 2009, na inalo Baraza la Taifa la Usalama Barabarani. Karatasi hizo ni njema. Zinapungukiwa na wananchi wanaojua kuzigeuza kuwa tuta, kivuko na taa katika mtaa wao.

Jambo la kwanza la kujua ni mwendo. Chukua gari lenye breki nzuri, lami kavu, na dereva aliye macho ambaye huchukua sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa atasimama ndani ya mita kama 13. Kwenye kilomita 50 atahitaji mita 28 hivi. Kwenye kilomita 80 atahitaji mita 57. Sasa waweke madereva hao wawili wa mwisho bega kwa bega, waone mtoto kwa wakati mmoja. Pale ambapo gari la kilomita 50 limesimama kabisa, lile la 80 bado linakimbia zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Mmoja atapata mshtuko tu. Mwingine atazika, au atazikwa.

Ndiyo maana sheria yetu inataka kilomita 50 kwenye makazi ya watu, na 80 kwa magari mazito na ya abiria yanayozidi kilo 3,500 hata nje ya makazi. Kwenye lango la shule, wataalamu wa usalama wanataka 30. Tochi ya trafiki husaidia, lakini askari hukaa pale kwa saa chache na madereva hupashana habari kwa kuwashiana taa. Tuta lililojengwa vizuri halilali, halichoki na halizungumziki.

Mlima, mteremko na lori

Sisi tunaishi ubavuni mwa mlima. Kilele cha Meru kiko mita 4,566 juu ya usawa wa bahari, na jiji liko karibu mita 1,400. Kila kitu hapa kinateremka: maji, udongo na malori.

Barabara ya Namanga, iliyojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2012, ni mshipa wa biashara kati yetu na Kenya. Lori lililosheheni linaloshuka kuelekea Ngaramtoni na Sakina linapita katikati ya maduka, shule, misikiti, makanisa na, siku za Alhamisi na Jumapili, katikati ya soko. Dereva anayeshuka mteremko mrefu huku amekanyaga breki mfululizo huzichemsha, na breki zikichemka hazishiki tena. Anayejua kazi yake huingiza gia nzito mapema, kabla mteremko haujaanza, ili injini yenyewe ilizuie gari. Tunawaomba matajiri wa malori wasimkabidhi usukani deiwaka ambaye hajawahi kushuka na tela, halafu wakamhimiza awahi.

Hata hivyo hatuwezi kuegemea ustadi wa dereva peke yake. Mteremko mrefu unahitaji eneo la malori kusimama kabla ya kushuka, dereva akakague breki na kuzipoza. Unahitaji njia ya dharura pembeni, yenye changarawe nene na inayopanda, ili lori lililoshindwa breki lizame humo badala ya kuingia sokoni. Kona iliyo juu ya korongo inahitaji kingo za chuma zinazolishika gari na kulirudisha barabarani. Nguzo nyeupe za alama humwonyesha dereva korongo liko wapi, hazimzuii kuingia.

Njia ya mchepuo ya kilomita 42.4 iliyojengwa kuzunguka jiji hadi Usa River ilikuja kwa sababu nzuri: kuyaondoa malori ya masafa marefu katikati ya mji. Faida hiyo itadumu endapo tu pembeni mwake hapatageuka mji mwingine. Vibanda vya chipsi, gereji na vituo vya bodaboda hufuata lami kama nyuki wanavyofuata ua. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Anayekuuzia kiwanja ndani ya mita hizo hakupi kiwanja, anakuweka mahali ambapo lori litaangukia.

Njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru

Kipande cha kilomita 14.1 kati ya Sakina na Tengeru kilipopanuliwa kuwa njia nne, foleni ilipungua na wengi tulishangilia. Lakini barabara pana humwita dereva akanyage mafuta, na anayevuka sasa ana safari ndefu zaidi.

Tufanye hesabu. Njia mbili za upande mmoja zina upana wa mita 7 hivi. Mtoto au bibi anayetembea mita moja kwa sekunde anahitaji sekunde 7. Katika sekunde hizo, gari la kilomita 80 kwa saa linasafiri mita 155. Maana yake ni kwamba gari lililo umbali wa kiwanja kizima cha mpira na nusu yake litamfikia kabla hajamaliza kuvuka. Hakuna jicho la mtoto wa miaka minane linaloweza kupima jambo hilo. Tukimwambia "angalia kulia, kushoto, kisha kulia tena" tukaishia hapo, tumempa mtoto mzigo wa mhandisi.

Barabara ya namna hii inataka kisiwa kipana katikati, mtu avuke nusu, apumzike, avuke nusu ya pili. Inataka kivuko kilichoinuliwa kama tuta, kwa sababu mistari ya pundamilia iliyochorwa kwenye lami tambarare haimlazimishi mtu kupunguza mwendo. Inataka taa za usiku pale wanaposhuka abiria wa Noah na vifodi, na kituo kilichojitenga na njia ya magari. Daraja la juu ni zuri mahali pengine, ila usilitegemee kila mahali. Mama wa Tengeru aliyebeba tenga kichwani siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, hatapanda ngazi na kushuka upande wa pili, atapita chini. Kivuko kijengwe pale watu wanapovuka tayari.

Kwenye makutano, tusikidharau kipilefti. Makutano ya kawaida ya njia nne yana sehemu 32 ambapo magari yanaweza kugongana. Kipilefti cha njia moja kina 8. Zaidi ya hapo, mzunguko humlazimisha kila dereva kupunguza mwendo, na wanaogongana hugongana ubavu kwa ubavu, si uso kwa uso. Wakazi wa Arusha tunalifahamu hili tangu zamani kwa kupita Mnara wa Saa kila siku.

Mitaani, kwenye makorongo

Mito ya Themi, Naura, Kijenge na Ngarenaro inashuka kutoka mlimani ikipita katikati yetu. Masika, korongo kavu hugeuka mto ndani ya nusu saa. Aprili 12, 2024, huko Engosengiu, kata ya Sinoni, maji yalisomba gari la wanafunzi na watoto wakapoteza maisha. Usalama wa barabara za mitaa unaanzia kwenye mtaro na kalvati, kabla hata ya lami. Kivuko cha maji kisicho na nguzo ya kupimia kina hakipaswi kutumiwa na gari la shule. Na wewe mzazi una haki ya kuuliza gari la mwanao hupita wapi mvua inaponyesha.

Kwa vijana wa bodaboda tuna mambo mawili. Kofia ngumu iliyofungwa kidevuni hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Iliyoning'inizwa mkononi haipunguzi kitu. Na kubeba mshikaki wa watoto watatu asubuhi ni kuwaweka katika hatari ambayo wao hawakuichagua. Mzazi anayelipia safari hiyo anashiriki.

Kuna mfano wa hapahapa nchini unaotutia moyo. Dar es Salaam, shirika la Amend lilizichunguza shule ambazo watoto wao waligongwa mara nyingi. Likajenga njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko na alama, na pengine likahamisha tu lango la shule kutoka barabara kubwa kwenda uchochoroni. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji, WRI Ross Prize for Cities. Vifaa vilivyotumika vinapatikana Kilombero na Unga Limited: saruji, mawe, rangi.

Nani mwenye barabara yako

Malalamiko mengi hupotea kwa kupelekwa mlango usio wake. Barabara kuu na za mkoa, kama ile ya Moshi, ya Namanga na ya Makuyuni, ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya na mitaa ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Mambo ya leseni za mabasi, daladala na njia zao yako LATRA. Kasi na ulevi ni kazi ya trafiki. Panapotokea ajali, polisi hupigiwa 112 na zimamoto na uokoaji 114. Usimvute majeruhi kwa nguvu wala kumkunja kwenye kiti cha nyuma, isipokuwa moto au maji yanamfikia.

Barua ya mtaa iliyo na hesabu husomwa kwa makini kuliko yenye hasira. Kabla mkutano wa mtaa haujaitishwa, simama kwenye lango la shule ya mwanao saa moja kasorobo asubuhi. Hesabu watoto wanaovuka kwa nusu saa. Pima upana wa barabara kwa hatua. Andika kama kuna tuta, kivuko, njia ya miguu na taa. Peleka karatasi hiyo kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa diwani, nakala TARURA au TANROADS, na uombe jibu lisomwe mbele ya mkutano unaofuata. Fanya hivyo wiki hii, shule zikiwa wazi.