Kabla Hujainama Kuokota: Ya Kufanya na ya Kutofanya Ufukweni

Orodha hii ni ya anayetaka kuwa mwanaharakati wa bahari. Anayetaka picha tu ana orodha zake kwingine. Imeandikwa kwa kuangalia fukwe za Dar es Salaam, kuanzia Kunduchi hadi Kigamboni, ingawa wa Tanga, Mombasa na Unguja watajiona humo. Haina upole. Upole tumeutumia miaka mingi, na kila masika Mto Msimbazi unatema pale daraja la Selander yale yale tuliyookota masika iliyopita.

Panga siku kwa maji, si kwa kalenda ya ofisi. Mvuvi yeyote atakwambia bure. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji hupanda mpaka juu kabisa ya ufukwe, kisha hushuka zaidi ya mita 3, na taka hubaki zimejipanga mstari mmoja pale yalipofikia. Siku hizo, kwa mwambao wetu, maji hujaa alfajiri na kukupwa kabisa kama saa 4 au saa 5 asubuhi. Kwa hiyo una kuanzia saa 1 mpaka saa 4 za kufanya kazi kabla jua halijakuchoma. Ukichagua Jumamosi ya maji mafu kwa sababu ndiyo siku gari la kampuni lina nafasi, utaokota masalia ya bamvua lililopita, tena yameshafunikwa na mchanga na kutawanywa na upepo.

Usimngoje mgeni rasmi. Itifaki yake haiyazuii maji kugeuka. Akija saa 5 na nusu atakuta viroba vimefungwa, atasema maneno mazuri, basi.

Usilete maji ya chupa. Hili halina mjadala. Nimeshuhudia zoezi la usafi lililoacha ufukweni katoni za chupa tupu, nailoni zilizofungia fulana mpya, vifungashio vya chipsi na bango la plastiki lenye tarehe ya siku ile ile, maana yake halitatumika tena. Weka ndoo kubwa ya maji yenye bomba, kila mtu aje na kikombe chake. Fulana ya zamani kila mtu anayo nyumbani. Bango liwe la kitambaa, lisiandikwe tarehe. Glavu ziwe zile nzito za kufua. Viroba viwe vya salfeti vilivyokwisha kutumika kwa unga au sukari, vimwagwe kwenye gari na kurudishwa.

Piga hodi. Diko lina wenyewe. Siku kadhaa kabla, nenda ukaonane na uongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe), mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wazee wanaokaa pale kwenye kivuli wakishona nyavu. Toa shikamoo, kaa, eleza ulichokuja kufanya, kisha nyamaza usikilize. Wavuvi na mama lishe wanajua takataka zipi huja na mvua, zipi huja na kusi, na nani humwaga usiku kwa mkokoteni. Kijana wa chuo anayemhubiria nahodha aliyezeekea baharini kwamba bahari ni uhai anastahili kicheko anachopata.

Usimfukuze mwokota makopo, wala usimnyang'anye. Huyu ndiye msafishaji wa kwanza wa jiji. Anazoa kila siku bila wafadhili, anauza kwa kilo, na chupa zake zinakwenda kusagwa. Wewe ukija na watu wako mkazoa chupa zote angavu asubuhi moja, mkazipakia zikaishie dampo la Pugu Kinyamwezi, mmefanya makosa mawili: mmekula riziki yake, na mmezika kitu kilichokuwa na mnunuzi. Mwalike mapema. Gawaneni kazi. Chupa zote zenye soko ni zake, na mchango wako uwe kumsaidia kuzibeba. Kazi yako wewe ni zile taka zisizonunuliwa na mtu: pempasi, kandambili, vifuko vya karanga na ubuyu, vipande vya maboksi meupe ya samaki, vijiti vya masikio, kamba zilizokatika. Hizo ndizo nyingi, hazipendezi kwenye picha, na ndizo zinazovunjikavunjika zikawa chembechembe zisizofika milimita 5 ambazo hakuna mkono utakaoziokota tena.

Na huyo mwokota makopo umwite kwa jina lake.

Usichome. Usifukie. Moshi wa plastiki ni sumu, na inayoungua nusu huyeyuka ikashikana na mchanga na vipande vya matumbawe ikawa kama jiwe. Iliyofukiwa ufukweni hufukuliwa na bamvua linalofuata. Kama hujapata gari la kubebea taka na mahali pa kuzipeleka, ahirisha zoezi.

Acha kilicho cha ufukwe. Majani ya bahari yaliyokauka si uchafu. Yanashika mchanga usiliwe na mawimbi, na kaa na ndege wanajilisha humo. Hoteli zinazofagia mchanga kila asubuhi mpaka uwe mweupe zinachangia kuupoteza mchanga huo huo zinaouuza kwa wageni. Usitumie reki, usichimbe, usipitishe gari. Chini kinaweza kuwapo kiota cha kasa. Waulize wanakijiji, au Sea Sense, shirika lililolinda viota na watu wa pwani kwa miaka mingi. Kwenye mikoko usikanyage vile vijiti vinavyochomoza kwenye tope, maana ndipo mti unapopumulia. Na nailoni iliyojisokota kwenye mizizi ikatwe kwa kisu, isivutwe.

Watoto wasiguse sindano, vioo wala chupa zenye kitu ndani. Mtu mzima mmoja awe na kopo gumu lenye mfuniko kwa ajili hiyo tu.

Uliza kabla hujabeba wavu. Wavu uliokunjwa juu ya mwamba una mwenyewe, na mwenyewe pengine anakutazama. Ule uliopotea baharini ndio hatari, kwa sababu huendelea kuvua bila mvuvi, mwezi baada ya mwezi. Ukiwa umenasa kwenye matumbawe, aukate mtu anayejua kuzamia, kipande kwa kipande. Ukiwa Paje au Jambiani, kule Unguja, utakuta taitai, vile vikamba vya plastiki vya kufungia mwani, vimetapakaa mchangani. Usiwaendee akina mama wakulima na vidole vya lawama. Kwa miaka mingi wanunuzi wa mwani ndio waliowapa wengi wao kamba na taitai hizo. Swali la kamba mbadala lipelekwe kwa mnunuzi.

Usimsingizie jirani wa ng'ambo. Ni kweli kwamba bahari huleta. Mwaka 2020 mtafiti Peter Ryan wa Chuo Kikuu cha Cape Town alichapisha utafiti wa chupa zilizookotwa kwenye fukwe za Kenya: kwenye fukwe za mbali na watu, nyingi zilikuwa za kigeni, hasa za Indonesia. Na kule Aldabra, kisiwa cha Shelisheli kisicho na kijiji hata kimoja, mwaka 2019 ziliondolewa tani 25 za plastiki, nyingi ikiwa zana za uvuvi na kandambili, na watafiti wakakadiria zimebaki kama tani 500. Hayo yote yanatumiwa sana na watu wanaotafuta pa kujificha. Utafiti ule ule wa Kenya uliona kwamba kwenye fukwe za mijini chupa zilikuwa kwa sehemu kubwa za humo humo nchini. Ukiwa Coco Beach, soma lebo kabla hujasema.

Panda mto. Hapa ndipo wengi wanapotoroka, kwa sababu hapana upepo wala mandhari. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapokea vijito vya mitaani, unapita Jangwani, ndipo unaingia baharini. Mtaa ambao gari la taka halifiki, au linafika mara moja baada ya wiki nyingi, utatumia mto. Watu wake hawakosi elimu ya mazingira, wanakosa gari. Fuata kijito kimoja tu, kimoja, kutoka mdomoni kwenda juu. Andika kila kalavati lililoziba, kila mfereji unaomwaga, kila mahali wenye mikokoteni wanapotupa. Kisha nenda kwenye ofisi ya mtaa uulize ushuru wa taka unakusanywa na nani, mkandarasi ni nani, mkataba unamtaka apite mara ngapi. Maswali hayo matatu yatakupa maadui haraka. Uliza hivyo hivyo.

Mwanaharakati ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya kata akisubiri afisa aliye "kwenye kikao" bado hajaanza kazi.

Ijue sheria kwa undani, na ulijue tundu lake. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 kwa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 za huko, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kenya ikaongeza tarehe 5 Juni 2020 kukataza plastiki za kutumika mara moja katika hifadhi, fukwe zikiwamo. Rambo zilipungua kweli. Aliyeiona mitaro ya Dar kabla ya 2019 hawezi kubisha. Ila nenda sokoni leo. Nyanya, dagaa na mkaa vinatiwa kwenye vifuko laini vyeupe ambavyo kanuni ilivikubali viwe vifungashio vya bidhaa za viwandani, navyo vimegeuzwa vibebeo. Na ule mfuko mbadala unaouzwa kwa jina la kitambaa, mwingi umetengenezwa kwa polipropilini. Ni plastiki. Usimgombeze muuza nyanya anayenunua alicholetewa. Uliza nani anakitengeneza, nani anakiingiza, na kwa nini hakina jina la mtengenezaji. Kikapu cha ukili nacho kipo bado, kwa kuwakumbusha.

Usijidanganye na urejelezaji. Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda kwa takriban tani 10 za plastiki na kandambili 30,000, na kusafiri hadi Zanzibar mapema 2019, ni kazi ya kujivunia. Waliolijenga walitaka watu waone, na watu wakaona. Lakini jahazi moja haliwezi kuwa kibali cha kiwanda kumwaga chupa zaidi, na wapo wanaolitumia hivyo. Kila ukisikia mtu anasema "tutairejeleza", muulize wapi, na nani, na kwa bei gani.

Dai chupa ya kurudisha. Hatuna haja ya kufundishwa jambo hili na mgeni. Soda ya chupa ya kioo tuliinywa palepale dukani, au tukaacha rehani ndipo tukabeba. Kreti lilirudi kiwandani likajazwa tena. Hakuna aliyekuta chupa ile imezagaa Kigamboni, kwa sababu ilikuwa na thamani mkononi mwa mtoto. Mfumo huo haukufa wenyewe. Kuna waliokaa mezani wakaamua kwamba gharama ya chupa tupu ihamie kwa halmashauri na kwa bahari, na wanaweza kukaa tena wakaamua vingine.

Usipokee fedha za mwenye chupa bila masharti. Akitoa fulana na spika, mwambie asante, sasa tuonyeshe unazalisha chupa ngapi kwa mwaka na unarudisha ngapi. Akikataa kutoa takwimu, nembo yake isipandishwe kwenye bango lako. Wapo watakaokuita mkali. Kikundi kilichokwisha kula chakula cha mchana cha kampuni hakitaandika barua dhidi yake jioni.

Usisubiri mkataba wa dunia. Machi 2022 mataifa yalikubaliana Nairobi kuuandika. Yakakutana Busan mwishoni mwa 2024, yakashindwa. Yakakutana Geneva Agosti 2025, yakaondoka tena bila mkataba, baadhi ya nchi zenye mafuta ghafi, malighafi ya plastiki, zikikataa kuwekewa kikomo cha uzalishaji. Fuatilia, jua mjumbe wa nchi yako alisema nini, kisha rudi kwenye kijito chako.

Hesabu, na andika majina. Uzito wa viroba haumtishi mtu. Chagua mita 100 za ufukwe, zile zile kila bamvua, na mwaga vilivyookotwa juu ya turubai. Tenganisha kwa aina, kisha kwa chapa. Mwandishi awe mmoja, daftari liwe moja, na shahidi wa serikali ya mtaa aweke sahihi. Vuguvugu la Break Free From Plastic limefanya ukaguzi wa namna hii katika nchi nyingi tangu 2018, na mwaka baada ya mwaka Coca-Cola ikaongoza orodha yao ya dunia. Hapa kwetu shirika la Nipe Fagio limeufanya pia. Usishangae kukuta majina uliyokua nayo: ya maji, ya soda, ya pipi, ya sabuni ya unga ya vifuko vidogo.

Peleka barua kwa mkono. Kurasa 2, si zaidi: mahali, tarehe, idadi ya vifungashio vya kampuni hiyo, picha ya turubai, na ombi moja tu linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Igongwe muhuri wa kupokelewa mapokezi, ubaki na nakala yako. Nakala nyingine ziende NEMC, baraza la taifa la mazingira, na kwa afisa mazingira wa manispaa, nako zigongwe. Wape siku 30. Wakinyamaza, rudi na barua ya pili, na mara hii ubebe viroba vyenyewe, vimefungwa vizuri, chapa yao ikionekana. Uvipange mstari nje ya lango bila kuziba njia ya mtu, na uombe kuonana na meneja. Akisema yuko kikaoni, mwambie mlinzi kwamba mtasubiri.