Somo: Kuosha Tangi la Maji la Ploti

Ndugu wanakikundi, huku Umoja na Kayole maji huja kwa mgao, ndiyo sababu ploti nyingi zina tangi juu ya paa. Matope hutulia chini, na mfuniko ukivunjika ndege na panya huingia. Mwaka 2017 kipindupindu kilizuka Nairobi.

Vijana wetu wakipata kazi hii, tufuate hatua hizi:

1. Tufunge maji, tumwage yaliyomo.
2. Tusugue kwa brashi na sabuni, tusuuze.
3. Tujaze maji yenye klorini kwa kipimo cha paketi, yalale usiku, tuyamwage.

Asiingie mtu tangini bila mwenzake mlangoni. Klorini isichanganywe na asidi ya choo: hutoa hewa ya sumu.

Tujadiliane: tangi la ploti yenu lilioshwa lini?