Dawa ya kutuliza sauti, mikono ikatetemeka

Swali: Nasoma saikolojia mwaka wa pili. Kwa nini mgonjwa wa skizofrenia anayetumia haloperidoli hutetemeka kama mwenye Parkinson?

Jibu: Kwa sababu dawa hiyo haichagui njia za ubongo. Huziba vipokezi vya dopamini, na katika njia zinazohusishwa na sauti na imani potofu hilo ndilo tunalolitaka. Lakini katika njia nyingine dopamini hiyohiyo husaidia kuongoza mwendo; ikizuiwa huko, misuli hukakamaa na mikono hutetemeka. Katika Parkinson seli zinazoitengeneza hufa. Hapa zi hai, ndiyo maana dalili kwa kawaida hupungua dozi ikipunguzwa. Kinyume chake pia hutokea (watahini hukipenda): levodopa, dawa ya kuongeza dopamini, yaweza kumfanya mgonjwa wa Parkinson aone visivyokuwepo. Mgonjwa anayetetemeka asiache dawa mwenyewe. Amwone daktari wake.