Mlo wa Jioni na Kijana Wako
Kijitabu cha kaya zenye vijana balehe, Ndandalo, Kyela



Zamani, mvulana wa Kinyakyusa akifika miaka 10 hivi alihama nyumba ya wazazi, akaenda kuishi na wenzake wa rika lake katika vibanda walivyojijengea. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1951. Lakini wavulana hao walirudi kula kwa mama zao, tena pamoja na wenzao. Hapo mama aliweza kumtazama mwanawe na kujua anaandamana na nani.

Leo kijana analala nyumbani, lakini wiki inaweza kupita mzazi asijue linalomsumbua. Turudishe nafasi ile ya chakula.

Kula naye, msikilize
Mle pamoja jioni, simu zote zikiwa kando, yako ikiwemo. Usianze na "Umekuwa wa ngapi?" Muulize, "Leo somo gani limekusumbua?" Akisema, mwache amalize. Akikiri kosa, usimwaibishe mbele ya wadogo zake. Mwite baadaye mzungumze. Wakaribishe na rafiki zake: ukiwafahamu, umefahamu nusu ya maisha yake.

Sahani ijenge mwili
Wali mtupu haumtoshi kijana anayekua. Ongeza usipa, maharage, mboga za majani na matunda. Msichana aliyevunja ungo hupoteza damu kila mwezi, hivyo anahitaji zaidi vyakula vyenye madini ya chuma. Chai huzuia mwili kufyonza vizuri madini hayo. Isinywewe pamoja na mlo. Kijana anayechoka upesi, mwenye viganja vyeupe au kizunguzungu, apelekwe kituo cha afya akapimwe damu.

Kazi za nyumbani zina kiasi
Kumfundisha kijana kazi ni malezi mema. Lakini kuamia ndege mpungani au kuanika kokoa kusichukue saa za shule. Gawa kazi kati ya wavulana na wasichana kwa usawa; binti asioshe vyombo hadi usiku wakati kaka yake anasoma. Tenga saa moja ya kujisomea, penye taa. Mzazi asiyejua kusoma naye ana msaada: akae karibu, amwombe kijana amweleze alichojifunza.

Usingizi ni sehemu ya masomo
Kijana anahitaji kulala saa 8 hadi 10, ndani ya chandarua. Simu isilale kitandani kwake. Akipata homa, apimwe malaria siku hiyohiyo. Usimpe dawa kwa kubahatisha.

Dalili za kuangalia
Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu nusu ya matatizo ya afya ya akili ya watu wazima huanza kabla ya miaka 18. Ukiona haya kwa wiki mbili au zaidi, usiyaite ukaidi:
• anajitenga na watu, au ana hasira zisizo za kawaida;
• hali wala halali vizuri;
• alama zinashuka ghafla, au anatoroka shule;
• ameanza pombe au bangi.
Zungumza naye, kisha mwone mwalimu wake na mhudumu wa afya. Akitamka kwamba anataka kufa, usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya mara moja. Mtoto anayefanyiwa ukatili, au mtu yeyote anayejua habari zake, apige 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Binti akipata mimba
Usimfukuze. Mpeleke kliniki mapema. Tangu Novemba 2021 Serikali inamruhusu kurudi katika shule ya kawaida baada ya kujifungua. Kumpa mimba mwanafunzi au kumuoa ni kosa la jinai lenye kifungo cha miaka 30. Msilimalize kwa ng'ombe wala kwa fedha.

Mzazi, ada ya sekondari ya Serikali imefutwa, lakini hakuna waraka unaoweza kukaa na mwanao jioni badala yako. Leo, chakula kikiiva, mwite. Kaeni pamoja, umuulize siku yake ilikuwaje, kisha umsikilize mpaka mwisho.