Jua la Aprili Lisikuhadae: Kwa Wanaohamia Minnesota

Ukihamia Minneapolis, Brooklyn Park au Duluth, utaambiwa kwamba majira ya kuchipua huanza karibu na Machi 20. Hiyo ni tarehe ya jua. Maji na udongo vina ratiba yao. Katikati ya Aprili jua huwa limepanda angani kama linavyokuwa mwishoni mwa Agosti, lakini ziwa lililoganda miezi minne halipati joto kwa siku mbili tatu. Ziwa Minnetonka, jirani na Minneapolis, kwa kawaida hufunguka katikati ya Aprili. Maziwa ya misituni karibu na mpaka wa Kanada huchelewa hadi mwisho wa mwezi au hata Mei. Mwanga hutangulia, joto hufuata, na mgeni huumia katikati. Kwa hiyo yapime majira kwa maji na udongo.

Ushahidi mkubwa ni barafu yenyewe. Mwanzoni mwa baridi, barafu mpya iliyo ngumu na angavu yenye unene wa sentimita 10 huweza kumbeba mtu anayetembea. Kipimo hicho hakifai Aprili, kwa sababu jua hupenya ndani na kulegeza chembe zilizoshikana, hadi barafu nene inabaki vijiti vilivyosimama wima, visivyoshikana. Unene upo, nguvu hakuna. Ndiyo maana sheria ya jimbo huwataka wavuvi waondoe vibanda vyao juu ya maziwa mwezi Machi. Ukiona nyayo za jana juu ya ziwa, usizifuate: zinaeleza hali ya jana tu.

Wapo watakaosema, “Mbona wenyeji wanavaa kaptula nyuzi joto zikifika 10?” Ni kweli, na hawakosei. Lakini wao wamezoea, na wengi wana koti ndani ya gari. Aprili 13 hadi 15, 2018, dhoruba iliiangushia Minneapolis theluji ya zaidi ya sentimita 35. Usiyafungie makoti ya watoto sandukuni kabla ya Mei, wala usipande sukumawiki bustanini bila kuwa na kitu cha kuifunika usiku wa jalidi.

Wengine watasema tahadhari hizi zitamfungia mtu ndani. La hasha, baada ya miezi ya giza, mwili unahitaji jua, na misitu ni ya kutembelewa. Vaa suruali ndefu, ingiza ncha zake ndani ya soksi, na ukirudi mkague kila mtoto nyuma ya magoti na kwenye nywele, maana kupe wa huko huamka theluji inapoyeyuka na wengine hueneza ugonjwa wa Lyme. Kumbuka pia bili: kinga ya jimbo dhidi ya kukatiwa umeme au gesi ya kupasha nyumba joto hukoma Aprili 30. Mwenye deni aipigie simu kampuni mapema, wapatane namna ya kulipa.