Kimya Katika Orodha za Mafirauni: Funzo kwa Msomaji wa Tarikhi

Utangulizi

Katika Kiswahili, neno firauni limebeba laana. Anayeitwa firauni ameambiwa kuwa ni mwovu na dhalimu. Maana hii imetujia kupitia masimulizi ya kidini kuhusu mfalme aliyepambana na Nabii Musa. Katika Misri yenyewe, hata hivyo, asili ya neno hili ni "nyumba kubwa", yaani kasri. Lilianza kumrejelea mfalme mwenyewe katika kipindi cha Nasaba ya 18, zaidi ya miaka elfu moja baada ya piramidi za Giza kujengwa. Makala haya yanazichunguza orodha za wafalme hao kama matini. Hoja yetu ni kwamba orodha ya majina, ijapoonekana kavu, ina mwandishi, hadhira na dhamira, na kwamba kilichoachwa nje ni sehemu ya maana yake.

Chimbuko la Nasaba

Utaratibu wa kuwagawa wafalme wa Misri katika nasaba 30 haukubuniwa na mafirauni. Unatokana na Manetho, kuhani wa Kimisri aliyeandika historia ya nchi yake kwa Kigiriki katika karne ya 3 K.K. Wakati huo Misri ilitawaliwa na ukoo wa Ptolemy, wenye asili ya Makedonia. Kwa hivyo, Manetho aliieleza nchi yake kwa lugha ya watawala wageni. Isitoshe, kitabu chake kilipotea. Tulicho nacho ni dondoo za waliomtumia, wakiwemo Josephus, Africanus na Eusebius, nazo hutofautiana katika majina na idadi ya miaka. Hali hii si ngeni kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, kwani Tarikhi ya Pate nayo imetufikia kupitia nakala kadhaa zisizolingana.

Orodha Tatu, Dhamira Tatu

Zipo kumbukumbu za kale kuliko Manetho. Ya kwanza ni Jiwe la Palermo, lililopewa jina la mji wa Sicily linakohifadhiwa. Ni kipande cha kumbukumbu za wafalme hadi Nasaba ya 5. Kila mwaka umetengewa kisanduku chake, na humo zimo sherehe, hesabu ya mifugo na kimo cha mafuriko ya Nile kwa dhiraa. Hapa mwaka wa mfalme unapimwa kwa mambo yaliyoihusu dola: ibada, mali na maji.

Ya pili ni Orodha ya Turin, iliyoandikwa kwenye mafunjo enzi ya Ramesses II, nyuma ya hesabu za kodi. Hii ni kazi ya karani. Inataja muda wa utawala, wakati mwingine kwa miaka, miezi na siku, na haiwaachi hata wafalme wa Hyksos, wageni waliotawala kaskazini.

Ya tatu imechongwa ukutani katika hekalu la Seti I kule Abydos, yapata mwaka 1280 K.K. Seti na mwanawe Ramesses wanaonekana mbele ya majina ya wafalme 76. Dhamira yake ni ibada: anayetajwa hupata fungu lake la sadaka, asiyetajwa hukosa.

Waliofutwa

Orodha ya Abydos inaruka kutoka Amenhotep III hadi Horemheb. Kati yao walitawala Akhenaten, aliyeiacha ibada ya Amun na kumwabudu Aten, pamoja na Tutankhamun na Ay. Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kwa takriban miaka 20, pia hayumo. Zamani ilidhaniwa kwamba Thutmose III alilifuta jina la Hatshepsut kwa hasira. Ushahidi wa baadaye umeonyesha kwamba ufutaji ulianza miaka 20 hivi baada ya kifo chake, na sasa wengi wanauhusisha na suala la urithi wa kiti cha enzi. Hata hivyo, kufuta si kumaliza. Kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, limempa umaarufu kuliko wengi waliochongwa kwenye ukuta ule.

Hitimisho

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mhakiki wa tarikhi yoyote hana budi kuuliza: nani aliiandika, kwa ajili ya nani, na nani ameachwa? Maswali haya yanatuhusu hata sisi wenyewe. Tunapoorodhesha washairi wa kale au kuteua vitabu vya kutahiniwa, tunachonga majina ukutani. Wanafunzi watakaotufuata watawarithi tuliowataja. Ni wajibu wetu, basi, kueleza kwa nini wengine hatukuwataja.