Mbegu ya Mtama na Dawa ya Homa

Nchi ya Ugogo hupata majira ya mvua mara moja tu kwa mwaka, yapata Desemba hata Aprili, na miezi iliyobaki ni ya jua na vumbi. Mvua ikinyesha, maji husimama mashimoni na katika nyayo za ng'ombe, mbu huzaliana, na homa ya malaria huingia vijijini. Hapo ndipo husikika Mvumi, kama katika sehemu nyingine nyingi za Tanzania, maneno haya: "Dawa hii hainisaidii tena, mwili wangu umeizoea." Husemwa na watu wazima wenye akili zao, wala ni nadra kupata awapingaye. Lakini maneno hayo si kweli, na kosa lililomo ndani yake ndilo lile lile linalowazuia watu wengi kufahamu elimu ya mageuko ya viumbe.

Elimu hiyo ilielezwa na Mwingereza Charles Darwin katika kitabu alichokitoa mwaka 1859. Hakuanza kitabu chake kwa habari za wanyama wa ajabu wa nchi za mbali. Alianza na wakulima na wafugaji, hasa wafugaji wa njiwa, watu ambao kazi yao ni kuchagua kiumbe gani kizae na kipi kisizae. Basi mwanafunzi wa Mvumi naye na aanze hapo hapo, shambani kwao.

Wakati wa mavuno, mkulima mwangalifu hachukui suke lolote likawa mbegu. Mama hupita katikati ya mtama akitazama. Hutafuta masuke yaliyokomaa mapema kabla mvua haijakatika, yenye punje nzito, ambayo magonjwa hayakuyagusa. Hayo huyatenga, huyatundika juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasiyatoboe, na hata njaa ikibisha mlangoni hukataza yasiguswe. Masuke mengine husagwa na kuwa ugali. Akifanya hivyo kila mwaka, na binti yake akimfuata, na mjukuu naye, mtama wa nyumba ile huwa wa kukomaa mapema kuliko ule wa kwanza.

Sasa ni mtama upi uliobadilika? Hapana mche hata mmoja. Kila mche uliota, ukazaa na kukauka vile vile ulivyokuwa. Wala hakuna uliojikaza ili ukomae upesi. Kilichobadilika ni shamba. Miche ya kukomaa mapema ilikuwa michache hapo kwanza, ikaongezeka kizazi baada ya kizazi, kwa sababu ndiyo iliyoachiwa kuzaa. Mtu akilishika neno hili moja, ameshika sehemu kubwa ya elimu yenyewe: si kiumbe mmoja ageukaye, ila ni jamii ya viumbe ibadilikayo kwa kuwa wengine huacha wazao wengi na wengine wachache, au hawaachi kabisa.

Mama yule huchagua kwa macho na kwa kusudi. Ukame huchagua bila macho wala kusudi. Wazee wa Ugogo walisimulia habari za njaa kuu iliyoitwa Mtunya, ya mwaka 1917 hata 1920, wakati majeshi ya vita vya kwanza vya dunia yalipokuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua ikakosekana. Watu wengi mno walikufa. Mvua ikikatika mapema, mtama uchelewao haupati punje, na ule wa mapema hupata angalau kidogo cha kupandwa tena. Ukame haukukusudia kuuboresha mtama. Hauna nia yo yote. Hata hivyo shamba la mwaka ufuatao halifanani kabisa na lile lililotangulia.

Na sasa ile homa. Malaria huletwa na vimelea, yaani viumbe vidogo sana wanaoishi ndani ya damu, ambao huonekana kwa hadubini tu. Katika damu ya mgonjwa mmoja huwamo mamilioni kwa mamilioni. Kimelea hujigawa, na kila kigawanyikapo hunakili urithi wake, kama darasa zima linakilivyo maneno ya ubaoni. Katika kunakili, makosa hutokea. Makosa mengi hayana faida, na mengi humdhuru mwenyewe. Lakini mara chache sana kosa moja humfanya kimelea asiuawe na dawa fulani. Kosa hilo halikuja kwa ajili ya dawa. Hutokea tu, dawa iwepo au isiwepo.

Mgonjwa anywapo dawa, vimelea wa kawaida hufa. Yule mwenye kosa lile hubaki, naye huzaa, na mbu huwachukua wazao wake mpaka kwa mtu mwingine. Mwili wa mgonjwa haukuzoea kitu. Wala kimelea hakujifunza kitu. Aliyekuwa anakufa kwa dawa amekufa.

Jambo hili si la kukisia. Klorokwini ilikuwa dawa ya malaria iliyotumika kila mahali, nayo ilikuwa rahisi kwa bei. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vimelea wasiouawa nayo walianza kuonekana Afrika Mashariki. Wataalamu walipouchunguza urithi wa vimelea hao waliona ya kuwa asili yao ni Asia ya Kusini-Mashariki. Wazao wao ndio waliosambaa mpaka huku. Basi mtoto wa Ugogo ambaye hajapata kumeza klorokwini maishani mwake aliweza kuumwa mara ya kwanza kabisa na vimelea ambao dawa hiyo haiwaui. Je, mwili wake ulikuwa umezoea nini? Mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini ikashika dawa iitwayo SP, na ilipofika mwaka 2006 SP nayo ilikuwa imeachwa kuwa dawa ya kwanza, ikawekwa dawa mseto. Kati ya mabadiliko hayo kuna makaburi mengi ya watoto wadogo.

Wengine hudhani ya kuwa mageuko ni ngazi, na kila kiumbe anapanda kuelekea ukamilifu. Habari ya Malawi yapinga dhana hiyo vizuri kuliko maneno mengi. Nchi hiyo iliiacha klorokwini mwaka 1993. Baada ya miaka minane hivi, vimelea wasiouawa nayo walikuwa karibu kutoweka. Mwaka 2005 ilijaribiwa tena kwa watoto 80 wenye malaria, nao 79 wakapona. Kwa nini? Kwa sababu kosa lile lililowaokoa vimelea wakati wa dawa liliwadhoofisha kidogo wakati dawa haipo, na wale wa kawaida waliwashinda kwa kuzaa. Kilichofaa jana hakikufaa leo. Aitwaye bora ni bora mahali pake na wakati wake tu. Ng'ombe wa maziwa wa Ulaya hutoa maziwa mengi kwao, lakini amwagwe katika jua la Ugogo pamoja na kupe wake, na zebu mfupi wa Mgogo atamwona akifa. Ndiyo maana kituo cha mifugo cha Mpwapwa, mashariki ya Mvumi, kilifanya kazi kwa miaka mingi kuchanganya damu ya zebu wa hapa na ya ng'ombe wa nchi nyingine, na kuchagua katika wazao wao, mpaka wakapatikana ng'ombe waitwao Mpwapwa.

Kosa jingine lasikika kila mahali, mara nyingi pamoja na kicheko: "Kama mtu ametokana na sokwe, mbona sokwe wa leo hawageuki kuwa watu?" Elimu ya mageuko haisemi ya kuwa mtu ni mjukuu wa sokwe aliyeko leo katika msitu wa Gombe. Husema ya kuwa wote wawili ni wazao wa wazee walioishi yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita, au zaidi, ambao hawakuwa sokwe wa leo wala watu wa leo. Hakuna mtoto wa Mvumi anayesema ya kuwa binamu yake ndiye aliyemzaa babu yao, wala hashangai kwamba yeye yupo na binamu yake yupo. Kaskazini ya Ugogo, huko Olduvai, Mary Leakey aliona mwaka 1959 fuvu la kiumbe mmoja wa ukoo huo wa zamani. Na mwaka 1978, Laetoli, yeye na wenzake walifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, miaka zaidi ya milioni tatu na nusu iliyopita. Swali la nani aliyeweka sheria hizi duniani ni swali kubwa, lakini hadubini haikutengenezwa kwa kulijibu.

Liko pia neno lenyewe "nadharia," ambalo barazani huwa na maana ya dhana tupu. Kwa wataalamu lina maana ya maelezo yaliyopimwa kwa mambo mengi yakaonekana kusimama. Kwamba vijidudu huleta magonjwa, hiyo nayo ni nadharia, na hakuna mganga wa hospitali aachaye kunawa mikono kwa sababu ya jina hilo.

Katika miaka ya karibuni, mkoani Kagera, wameonekana vimelea ambao hufa polepole kuliko desturi wanapokutana na artemisinini, ambayo ni sehemu moja ya dawa mseto. Dawa mseto iliyo ya kawaida nchini humezwa mara sita kwa siku tatu. Mgonjwa aonaye nafuu siku ya pili akaziweka zilizobaki kabatini, humwacha hai yule aliye mgumu kufa, naye ndiye atakayezaa. Na kwa nini dawa hiyo ni mseto, yaani mbili pamoja? Kwa sababu kosa la kunakili limwokoalo kimelea na dawa moja hutokea kwa nadra. Lakini makosa mawili tofauti, ya kumwokoa na dawa mbili tofauti, kukutana katika kimelea yule yule kwa wakati mmoja, hutokea kwa nadra zaidi sana. Waganga walioziunganisha dawa hizo walifanya hesabu hiyo.